Erosoli: ni kopo la kupuliza au ni kile kinachobaki hewani?

MsomajiHabari_Majengo

Jambo zenu. Naandika kutoka Goma, mtaa wa Majengo. Nasoma habari za jioni kwa Kiswahili katika redio ndogo ya hapa mtaani. Taarifa nyingi zinatufikia kwa Kifaransa na mimi ndiye ninayezigeuza, mara nyingi zikiwa zimebaki dakika kumi kabla ya kuingia hewani.

Wiki mbili zilizopita upepo uligeuka, moshi wa Nyiragongo, volkeno yetu, ukatuangukia mjini. Harufu ya kiberiti ilikuwa mpaka ndani ya shuka. Nikaletewa taarifa ya kuwaonya watu wenye shida ya kifua wajihadhari na vitu vitatu: gesi, majivu na kitu kilichoandikwa "aérosols". Gesi naielewa. Majivu nayajua kwa mkono wangu: mwaka 2021, siku zile baada ya mlima kulipuka tarehe 22 Mei, niliyafagia juu ya mabati na kuyakung'uta kwenye masufuria. Neno la tatu ndilo lililonikwamisha. Hapa kwetu ukitaja aérosol kila mtu anawaza kopo: la kuua mbu, la kupuliza kwapani. Basi nikasoma hivi: "erosoli, yaani dawa za kupuliza."

Siku ya pili yake jioni, mama mmoja tunayechota naye maji kwenye bomba moja alinisimamisha. Mtoto wake ana pumu, ana miaka sita, na anatumia ile pompe ya kupuliza mdomoni. Mama alikuwa amenisikiliza, akaiweka pompe juu ya kabati, kwa sababu redio imesema dawa za kupuliza zinaharibu kifua. Mtoto alikohoa usiku kucha. Asubuhi walikimbilia kituo cha afya, muuguzi akamrudishia dawa yake.

Mtoto ni mzima, namshukuru Mungu, na mama yake hana kinyongo nami. Lakini tangu siku hiyo kila nikikaa mbele ya maikrofoni namwona yule mtoto. Lile neno ni mimi niliyelitoa kinywani, na mimi ndiye wa kulisahihisha.

Kwa hiyo nawauliza mnaojua: erosoli ni nini hasa? Kopo la mbu, pompe ya mtoto na moshi wa mlima vina undugu gani hata viitwe jina moja? Na nitasema nini kwa Kiswahili ili mama aliyeketi na nyanya zake soko la Virunga aelewe kwa kusikia mara moja tu? Mwenzangu mmoja anasema niseme "vumbi la hewani", mwingine anasema "mvuke". Yote mawili yananitia shaka.

---

MwalimuKemia_Katindo

Dada, asante kwa kulileta swali hili hadharani. Nafundisha kemia sekondari, na somo hili sijawahi kulianza kwa ubao. Darasa letu ni la mbao, na bati moja lina tundu la msumari, maana lilitolewa kwenye nyumba ya zamani likagongomewa hapa. Saa nne asubuhi jua likiingia kwenye lile tundu, nawaambia wanafunzi wafunge mlango na madirisha. Unatokea mshale wa mwanga kutoka juu hadi sakafuni. Nawauliza: mnaona nini? Wote wanajibu, "Mwanga." Hapana. Mwanga unaopita mbele yako kwenda pengine huuoni. Mnachokiona ni vitu vidogo sana vilivyomo njiani, kila kimoja kikitupa kipande cha mwanga kuelekea jichoni mwako. Halafu naipiga nguo yangu kiganja kimoja, na mshale unang'aa mara mbili. Mwanasayansi wa Ireland, John Tyndall, ndiye aliyelichunguza jambo hili miaka ya 1860, na hadi leo linaitwa athari ya Tyndall.

Hewa ya darasa lile, pamoja na vile vidogo vinavyoelea ndani yake, ndiyo erosoli. Neno "pamoja" ndilo la kushika. Erosoli ni gesi yoyote, mara nyingi hewa, ikiwa imebeba chembe ndogo sana, ngumu au za majimaji, zisizotua upesi. Moshi wa makaa ni erosoli: masizi ndani ya hewa. Ukungu wa asubuhi juu ya ziwa ni erosoli: vitone vya maji ndani ya hewa. Kwa hiyo erosoli si jina la kitu fulani kama chumvi au kiberiti. Ni jina la hali, ya kitu kuwa kimesagika sana na kubebwa na hewa. Ndiyo maana swali la kwanza mtu akikutajia erosoli ni hili: erosoli ya nini?

(Wataalamu wa hali ya hewa siku hizi wanalitumia kwa zile chembe peke yake, bila kuhesabu hewa. Ukikutana na matumizi hayo usishtuke.)

Sasa kopo. Neno limelitangulia kopo. Lilianza kutumiwa mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Anayetajwa zaidi ni mkemia Frederick Donnan wa Uingereza, na mwaka 1920 Mjerumani August Schmauss, mtu wa hali ya hewa, akaliandika katika maandishi yake. Walilijenga kwa kufuata neno jingine la kemia, hidrosoli, yaani chembe zilizotawanyika ndani ya maji. Wakaondoa maji, wakaweka "aer", hewa kwa Kigiriki. Kopo la kupuliza lilikuja baadaye: Mnorwei Erik Rotheim alilipatia hataza miaka ile ya 1920, na wakati wa Vita vya Pili Wamarekani wakalitengeneza kwa wingi ili askari wao wajikinge na mbu wa malaria. Kopo likachukua jina la kile linachokitoa. Ni kama mtu aite kinu "unga". Likaingia madukani, na watu wa kawaida wakalijua neno kwa njia ya kopo tu. Wewe ulisema kile ambacho duka limetufundisha sote.

Kuhusu "mvuke", hapo usikubali kabisa. Mvuke wa kweli ni maji yaliyogeuka gesi, hauonekani. Angalia birika linapochemka: mdomoni kabisa pa birika kuna nafasi kama ya kidole kimoja ambapo huoni kitu. Huo ndio mvuke. Ile nyeupe inayoanza juu yake ni mvuke uliopoa ukawa vitone, na vitone hivyo ndivyo erosoli. Mstari wa kutenganisha vitu viwili hivi unapita juu ya birika la chai kila asubuhi.

Na hapa ndipo mlima wetu unapoingia. Nyiragongo unatoa gesi ya kiberiti, dioksidi ya salfa. Ikitoka ni gesi. Ikisafiri hewani inakutana na oksijeni na unyevu, na kidogo kidogo inageuka vitone vya asidi ya salfuriki, vidogo mno. Hivyo vitone si gesi tena. Wala si majivu, maana majivu ni mwamba na kioo vilivyosagwa. Ni kitu cha tatu, na ndiyo sababu taarifa yako ilikuwa na maneno matatu. Aliyeiandika hakuwa anarudia maneno.

Pinatubo, Ufilipino, ulipolipuka Juni 1991 ulirusha takriban tani milioni 15 hadi 20 za gesi hiyo, ikapanda juu kuliko mawingu ya mvua, ikageuka vitone, na vitone vikazuia jua hata dunia nzima ikapoa kiasi cha nusu digrii mwaka uliofuata. Moshi wa Nyiragongo kwa kawaida haufiki juu namna hiyo. Wa kwetu unabaki chini, mvua inausafisha hewani na kuushusha juu yetu. Ndiyo maana mabati ya upande wa magharibi wa mlima, ambako upepo unaelekea siku nyingi, yanaoza mapema. Ndiyo maana pia maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati huko, kama Rusayo, yamekutwa na fluori nyingi kuliko inavyofaa kunywa. Watoto wa huko wenye meno ya madoa hawakukosa mswaki; ni fluori hiyo.

---

Fundi_wa_Lushi

Jambo Mwalimu, jambo dada. Miye niko Lubumbashi. Nimesoma yote na nimejifunza, ila nina neno tofauti kidogo.

Kwa redio, liacheni hilo neno. Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuri za shaba, tulikaa upande ambao moshi wa ile dohani kubwa ulikuwa unashukia. Tanuri zimekuwa pale tangu 1911, watu wamezaliwa na kuzeeka chini ya ule moshi. Baba hakuwahi kusikia erosoli maisha yake yote. Lakini alijua upepo ukitoka upande gani mama atoe nguo kambani, na sisi watoto tuingie ndani. Alikuwa anasema "moshi mkali" na "moshi mwepesi", basi, tulimwelewa.

Leo ni vumbi. Kiangazi chetu, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, tone la mvua hakuna. Malori ya madini ya barabara ya Likasi yanapita usiku na mchana, na anayekaa kando ya barabara anafua pazia Jumamosi, Jumatatu ni jekundu. Ukimwambia mtu huyo "erosoli" atafikiri unamuuzia kitu. Mwambie vumbi, atafunika maji yake.

Nauliza kwa heshima: neno linamsaidia nani, kama si yule anayeliandika?

---

MwalimuKemia_Katindo

Ndugu wa Lubumbashi, baba yako alikuwa na elimu ambayo mimi naitafuta vitabuni. Nakubali kwamba kwa vumbi la lori neno "vumbi" linatosha. Ila tazama linapotuacha njiani.

Vumbi, kwa masikio ya Mswahili, ni kitu unachokiona na kinachotua. Ndiyo maana unasema atafunika maji yake. Sasa chukua chembe tatu zenye uzito kama wa maji, uziachilie kutoka kimo cha pua ya mtu mzima, mita moja na nusu, ndani ya chumba kisicho na upepo. Ya kwanza ina upana wa mikromita 100, inazidi kidogo unene wa unywele. Itafika sakafuni kwa sekunde sita hivi. Ya pili ina mikromita 10: dakika nane. Ya tatu ina mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Hiyo itachukua kama saa kumi na mbili. Umeiachilia jioni, asubuhi ndiyo inatua, na hapo ni kama hakuna mtu aliyefungua mlango wala kupita mle ndani. Ukweli ni kwamba mtu akitembea tu chumbani anaipandisha tena.

Chembe ya tatu hutaiona kwenye pazia. Hata ukifunika maji hujajikinga nayo, maana njia yake ni pua. Shirika la Afya Duniani lilipopunguza viwango vyake mwaka 2021, liliweka kwamba chembe zisizozidi mikromita mbili na nusu zisipite wastani wa mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka, na 15 kwa siku moja. Mikrogramu 5! Chukua punje moja ya chumvi ya mezani, ina uzito kama mara kumi ya huo. Mtu hawezi kuogopa kiasi hicho ikiwa neno pekee alilo nalo ni "vumbi", kwa sababu vumbi amelizoea, analipangusa.

Kwa hiyo mimi nasema neno libaki, lakini lisitangulie. Kwanza umwonyeshe mtu kitu chenyewe, halafu umpe jina lake. Babu na bibi zangu hawakujua "virusi" pia. Leo kila mtu anasema virusi, hata asiyejua kusoma, kwa sababu kulikuwa na haja nalo.

---

Muuguzi_Kadutu

Habari za jioni. Mimi ni muuguzi Bukavu, wodi ya watoto. Nimeisoma habari ya yule mtoto wa pompe nikasikia tumbo linanikaza, maana na sisi wa hospitali tuna mchango wetu katika fujo hii.

Kwetu daktari akiandika "aérosol" kwenye karatasi, hamaanishi kopo wala mlima. Anamaanisha mtoto awekwe kwenye ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu, avute kwa barakoa. Tunasema hata kwa Kiswahili, "huyu mtoto amefanyiwa aerosol mara tatu". Mama anaondoka akijua kwamba aerosol ni matibabu. Wiki ijayo redio inamwambia aerosol ni hatari. Afuate lipi?

Nilichokielewa baada ya miaka mingi ya kazi ni kwamba sumu na dawa zinapita mlango mmoja. Chembe kubwa, za zaidi ya mikromita 5 hivi, nyingi zinakwama puani na kooni. Unazipenga au unazimeza. Zenye mikromita 1 hadi 5 zinateremka mpaka kwenye matawi madogo ya mapafu. Waliotengeneza pompe waliujua mlango huo, ndiyo maana dawa yake inapulizwa ikiwa na ukubwa huohuo. Na vitone vya asidi vya mlima wenu vinapita hapohapo kwa sababu ni vidogo vivyo hivyo au zaidi, bila kualikwa. Kwa hiyo dada, undugu uliouuliza ni wa udogo wa chembe. Dawa ya pumu inafungua njia ya hewa, asidi inaibana. Vyote viwili ni erosoli. Siku ambayo moshi wa mlima umeshuka ndiyo siku ambayo mtoto mwenye pumu anaihitaji pompe yake kuliko siku zote. Hilo lisemwe kwanza, kabla ya maelezo mengine.

Niongeze jambo kwa akina mama watakaosoma hapa. Mtoto mdogo hawezi kupuliza na kuvuta kwa wakati mmoja. Ukimpulizia mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi inagonga ulimi, inaishia tumboni. Inatakiwa ipite kwanza kwenye chemba, ile ya plastiki ya kushika dawa ikielea ili mtoto aivute polepole. Chemba ni ghali na mara nyingi haipatikani. Watafiti wa Afrika Kusini walijaribu chupa ya kawaida ya maji, ya nusu lita, iliyotobolewa nyuma kwa ukubwa wa mdomo wa pompe, wakaona inafanya kazi vizuri. Mwombeni muuguzi wa kituo chenu awaonyeshe kuitoboa, maana tundu likiwa pana dawa inatoroka. Mimi nimeshatoboa chupa nyingi, nazihifadhi kwenye droo.

Na wakati wa korona mabishano yalikuwa hayohayo ya neno. Tulifundishwa kwamba kinachotoka mdomoni kikizidi mikromita 5 kiitwe tone, kinaanguka karibu. Kikiwa chini ya hapo kiitwe erosoli, kinasafiri. Mstari huo ulichorwa mahali pasipofaa, kwa sababu hata chembe zinazoupita zinaweza kuelea kwa muda mrefu. Mwaka 2024, mwezi wa nne, Shirika la Afya Duniani likaleta istilahi mpya: yote yaitwe chembe za upumuaji zenye maambukizi, makubwa kwa madogo. Wenzetu wa wodi ya kifua kikuu hawakushangaa. Madirisha yao yalikuwa wazi tangu zamani.

---

MsomajiHabari_Majengo

Nimesoma majibu yenu mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Muuguzi, ile habari ya chupa nimeshaipeleka kwa yule mama. Ameniomba nimpeleke kituo cha afya kesho kutwa wakamtobolee.

Mwalimu, nimeijaribu ya birika. Miaka yote nimechemsha chai sikuiona ile nafasi tupu.

Nina jambo moja linanisumbua kabla sijaandika masahihisho. Hapa kila mtu anajua mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua. Majibu yatakapopita redioni, wasikilizaji watauliza: je, mazuku nayo ni erosoli? Na mwaka 2021 tulifunga vitambaa vibichi usoni, vikatusaidia. Je, niwaambie kitambaa kinafaa kwa yote? Sitaki kusahihisha kosa moja na kuzaa jingine.

---

MwalimuKemia_Katindo

Umefanya vizuri sana kuuliza. Hapana, na tofauti hii inaua.

Mazuku haina chembe yoyote. Ni gesi tupu, dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye nyufa, nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu. Inajaa kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyojaa bakuli, hasa usiku usio na upepo, na asubuhi mapema inawakuta mbuzi na watoto waliotumwa kuchota maji au kuokota kuni. Upande wa Bulengo na Lac Vert watu wanajua mahali pake kwa majani na ndege waliokufa. Haina rangi, haina harufu. Hata ukiipitishia mshale wa jua wa darasa langu haitang'aa. Wataalamu wa volkeno wa nchi nyingine wamelichukua neno letu hili, wanaandika "mazuku" katika makala zao vilevile tunavyolitamka, kwa sababu lugha zao hazikuwa na jina lake. Nalisema hili kwa fahari, ndugu wa Lubumbashi: maneno huenda na kurudi, na sisi pia tumewahi kukopesha.

Kitambaa kinanasa chembe. Majivu kinanasa kiasi, na kukilowesha hakuongezi kinga. Vitone vidogo vya asidi kinanasa vichache; barakoa nzuri ya hospitali, ile ngumu inayobana uso pande zote, inanasa vingi zaidi. Gesi inapita kitambaa na barakoa kama vile hakuna kitu. Mtu aliyefunga kitambaa akashuka kwenye mazuku atakufa akiwa na kitambaa chake. Dawa ya mazuku ni kupanda juu, mahali penye upepo, na kutoshuka kumfuata aliyeanguka; waachiwe waokoaji wenye vifaa vya kupumulia.

---

Fundi_wa_Lushi

Mwalimu, hapo nimekuelewa. Kama kitambaa kinafaa kwa kimoja na kinaua kwa kingine, basi majina mawili ni lazima yawepo. Narudisha neno langu.

Lakini dada, naomba useme "chembe zinazoelea" mara mbili au tatu ndipo useme erosoli. Na usiseme "chembechembe". Kwetu ukisema hivyo mtu anaona makombo ya mkate.

---

MsomajiHabari_Majengo

Hii hapa. Nimeisoma kwa sauti jikoni, imechukua dakika moja na nusu. Nirekebishieni kabla ya jioni.

"Ndugu wasikilizaji, wiki mbili zilizopita niliwasomea onyo kuhusu moshi wa Nyiragongo, na neno moja nililieleza vibaya. Nilisema erosoli ni dawa za kupuliza. Si kweli, naomba mnisamehe. Mwenye dawa ya kupuliza ya pumu asiiache hata siku moja, na siku za moshi aiweke karibu zaidi.

Moshi wa mlima una vitu vitatu. Kuna majivu: mnayaona, yanatua juu ya mabati, kitambaa kinayapunguza. Kuna gesi: haionekani, na kitambaa hakiizuii. Na kuna chembe zinazoelea, vitone vidogo sana vya asidi vilivyotokana na gesi ya kiberiti. Hivyo havitui upesi, vinaweza kukaa hewani tangu jioni hadi asubuhi, na vinaingia mpaka ndani ya mapafu. Chembe zinazoelea hewani namna hiyo ndizo zinazoitwa erosoli. Moshi wa makaa una erosoli. Ukungu wa ziwani ni erosoli. Kopo la kuua mbu linatoa erosoli, lakini kopo lenyewe ni kopo.

Upepo ukiuleta moshi mjini, waingizeni ndani wazee, watoto na wenye pumu, fungeni madirisha, wala msiwashe mbabula, jiko la makaa, ndani ya nyumba iliyofungwa. Maji ya mvua ya siku hiyo msiyakinge kwa kunywa. Na mazuku ni jambo jingine kabisa: huko kitambaa hakisaidii, pandeni juu."

---

Muuguzi_Kadutu

Nzuri. Neno moja tu: uliposema "dawa ya kupuliza ya pumu", ongeza "yaani pompe". Mama wa soko hasemi dawa ya kupuliza. Anasema pompe.

Na umefanya vema kuitaja mbabula. Tunapokea watoto waliodhuriwa na mbabula kila wiki ya baridi.

---

MsomajiHabari_Majengo

Nimeongeza. Nasoma saa kumi na mbili na nusu, na kesho asubuhi narudia kwa wale ambao jioni wanakuwa bado sokoni. Yule mama ameniambia atafungua redio na mtoto akae naye karibu.